Kwenu Kule Ilikuwa Saa Ngapi?

Dirisha lilikuwa limeegeshwa, mwanga unaingia kwa ufa mmoja tu. Jirani yangu alikaa mkekani, miguu ameikunja, kanga kichwani. Hana wanja, hana hina, hana hata hereni. Eda yake ilikuwa bado haijaisha. Mume wangu alibaki barazani na wanaume wa nyumba ile. Mimi nikaingia peke yangu, nikapiga magoti, nikamshika mikono yote miwili, nikayatoa maneno ya pole niliyokuwa nimeyapanga tangu tuko kwenye treni.

Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Tumeshapoa, dada," akasema.

Tukanyamaza kidogo. Kisha akaniuliza, kwa upole kabisa, bila lawama yoyote usoni:

"Ile siku, kwenu kule ilikuwa saa ngapi?"

"Usiku," nikamjibu. "Tulikuwa tumeshalala."

Akaitikia kwa kichwa. Akaufunika mkono wangu kwa mkono wake, tukakaa hivyo mpaka mume wangu alipokohoa huko nje, ndiyo kuaga.

Haukuwa usiku.

Wiki zimepita tangu siku hiyo na jibu lile limekaa nami kila mahali: nikiosha vyombo, nikisahihisha madaftari ya wanafunzi, nikiwa kwenye daladala ya kwenda mjini. Nimeandika habari nyingi za mwaka wetu wa Ujerumani kwenye blogu hii, za theluji, za shule za watoto, za mimi kutafuta unga wa ugali mji mzima. Hii sikuwa nimepanga kuiandika. Lakini kila nikianza kuandika nyingine, hii inatangulia.

## Saa ya Bibi

Wakati wa kiangazi chao, tofauti ya saa kati ya Kigoma, nyumbani, na Bremen, mji tuliokuwa tukiishi Ujerumani, ni saa moja. Moja tu. Sisi tuko mbele, wao wako nyuma.

Nami sikuweza kusema sikujua. Tulipohamia kwenye ile nyumba ya vyumba viwili, nilinunua saa mbili za ukutani zinazofanana, nikazitundika jikoni, moja kushoto kwa saa za pale, moja kulia kwa saa za nyumbani. Mwanangu mkubwa, ana miaka kumi, aliipa ya kulia jina: Saa ya Bibi. Mchana akila ataitazama na kusema sasa hivi Bibi ametoka kuswali Adhuhuri, au sasa hivi anakaanga samaki. Ilipofika Oktoba baada ya kuwasili, Wajerumani wakarudisha saa zao nyuma, tofauti ikawa saa mbili. Machi wakazisogeza mbele, ikarudi saa moja. Kazi ya kupanda kiti na kurekebisha saa ya kushoto ilikuwa yake. Saa ya Bibi haikuguswa hata mara moja.

Ujumbe ulinifikia Alhamisi ya tarehe 20 Juni 2024, siku chache baada ya Idi ya kuchinja. Uliandikwa na shemeji yangu. Nahodha ametutoka, Alasiri ya leo, maziko kesho. Nahodha ndiye mume wa jirani yangu.

Kwetu Ujiji, Kigoma, ilikuwa saa moja na robo usiku. Bremen ilikuwa saa kumi na mbili na robo jioni, na jua la mwezi wa sita kule huzama karibu saa nne usiku, kwa hiyo kulikuwa kweupe pe. Tulikuwa kando ya mto Weser. Mwezi ule Ujerumani walikuwa wenyeji wa mashindano ya Ulaya ya mpira, bendera zinaning'inia kwenye kila baraza la ghorofa, watu wamejaa ukingoni. Mume wangu alikuwa ametukuta pale akitokea kazini. Watoto walikuwa wanakula aiskrimu.

Mume wangu alisoma ujumbe kwenye simu yake, akaketi chini kwenye nyasi. Akainuka, akasogea pembeni, akampigia kaka yake jirani yangu. Alipiga palepale.

Mimi nikafungua ujumbe wa pole niliomtumia mtu mwingine mwezi wa nne, msiba mwingine kabisa. Nikaunakili. Nikabadilisha jina. Nikautuma. Nikamtumia shemeji laki moja aipeleke kwa wafiwa. Kisha nikaitia simu kwenye mkoba, nikamfuata mdogo aliyekuwa anakimbilia maji, na matembezi yakaendelea.

Sikupiga simu siku ile. Sikupiga kesho yake baada ya maziko. Sikupiga siku ya hitima, wala ya arobaini. Kila siku iliyopita ilifanya ya pili yake iwe nzito zaidi, mpaka nikaanza kujiambia kwamba ni bora nikaonane naye uso kwa uso, kwamba simu haina heshima.

## Daftari la mama mkwe

Tulirudi mwezi wa kumi. Kutoka Dar es Salaam tulichagua treni, ile ya zamani, kwa sababu nauli ya ndege kwa watu wanne na mizigo ile haikuwezekana, na kwa sababu mkubwa alitaka kuiona reli yote mpaka inapoishia. Tabora wanawake walipitisha asali madirishani. Uvinza watoto walikuwa wamelala. Stesheni ya Kigoma tulipokelewa na watu kumi na sita, nimewahesabu kwenye picha.

Siku ya tatu, masanduku hata hayajafunguliwa yote, mama mkwe aliniita uani. Akanipa daftari la shule, lile la kurasa arobaini, jalada limelainika kwa kushikwa.

"Soma," akasema.

Mwandiko ulikuwa wa mtoto wa wifi yangu, yuko darasa la sita. Mama mkwe haoni vizuri karibu, kwa hiyo alikuwa anataja, mjukuu anaandika. Kila mstari ulikuwa na tarehe, nyumba, jambo, na mwisho kiasi cha pesa. Nyumba ya mpakani na msikiti, msiba, 5,000. Nyumba ya fundi baiskeli, mtoto wa kike, sabuni na kanga moja. Harusi ya mjukuu wa mzee wa miembeni, 10,000. Msiba, 5,000. Msiba, 3,000, na pembeni mjukuu ameandika kwa herufi ndogo: "Bibi alikuwa hana."

Misiba tisa. Watoto sita. Harusi nne.

"Hizi ni zako, mama?" nikauliza.

"Zangu ziko kwenye daftari jingine. Hizi zenu."

Sikuelewa mara moja. Akanieleza taratibu kama anavyomweleza mjukuu. Kila palipotokea jambo mtaani, alitoa mara mbili: kwa mlango wake, na kwa mlango wetu. Anayeandika majina ya waliochanga akimaliza jina lake, yeye humwambia, andika na mwanangu na mkewe, wako safarini. Pesa tuliyokuwa tukimtumia kila mwezi, tukidhani ni ya dawa za presha na mkaa, sehemu yake ilikuwa inakwenda huko. Miezi mingine aliongeza kwa faida ya mawese anayouza.

"Mtu akiondoka, mlango wake haufungwi," akaniambia. "Ungerudi ukute umefungwa, ungeanzia wapi?"

Nilirudia mistari ile kwa kidole. Mstari wa tarehe 21 Juni ulikuwa na maneno mengi kuliko yote: nyumba ya Nahodha, 10,000, mchele kilo tano, Bibi alikaa siku tatu.

Basi tukaanza kuzunguka, mimi na mume wangu, nyumba baada ya nyumba, daftari mkononi. Misiba tisa ni nyumba tisa za kuhani. Huendi nyumba tatu kwa siku moja kama mtu anayesambaza kadi. Unakaa, unaelezwa marehemu aliugua vipi, alisema nini mwisho, unaletewa maji, unakunywa. Nyumba ya Nahodha ilikuwa ya kwanza, kwa sababu ukuta wetu na wao ni mmoja.

## Mwaka wa ziwa kufungwa

Nilirudi na mwaka mzima mdomoni. Nilidhani nitaulizwa. Tuliulizwa, ndiyo: "Ulaya vipi?" Na kabla sijajibu, aliyeuliza ameshaanza kunieleza ziwa lilivyofungwa.

Mwanzoni iliniuma. Mkubwa ilimuuma zaidi. Alikuwa amewabebea rafiki zake hadithi moja aliyoitunza miezi: tulipanda treni kwenda Papenburg, mji mdogo kaskazini mwa Ujerumani, na huko ndiko meli ya MV Liemba ilikojengwa mwaka 1913. Ikafunguliwa vipande, ikapakiwa kwenye masanduku 5,000, ikaja kwa meli mpaka Dar es Salaam na kwa reli mpaka Kigoma, ikaunganishwa upya hapa na kuingia majini 1915. Wajerumani wenyewe wakaizamisha 1916 wasiiache kwa adui, Waingereza wakaiopoa 1924, na tangu 1927 ikawa Liemba. Mtoto anazijua tarehe hizo kama jina lake. Wenzake wakamsikiliza dakika mbili. Mmoja akasema, "Liemba ni yetu, tunaijua," wakarudi kwenye habari yao: jinsi walivyoogelea kutwa nzima kati ya vyombo vilivyopandishwa nchi kavu.

Kwa sababu kwa watu wa huku, kila kitu sasa ni kabla ya kufungwa au baada ya kufungwa. Kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti 2024 uvuvi ulisimamishwa Ziwa Tanganyika upande wetu, samaki wapate nafasi ya kuzaliana. Miezi mitatu. Nimekaa kwenye mabaraza tisa na nimeisikia miezi ile kwa midomo tisa. Mwanamke mmoja amenieleza alivyouza cherehani. Mwingine, jinsi mwanawe alivyokwenda kulima Kasulu na hajarudi. Kijana mmoja aliniambia kitu ambacho sijakisahau: usiku wa giza, ule ambao ungepaswa kuona taa za wavuvi zimetapakaa mpaka upeo wa macho kama mji mwingine juu ya maji, ulikuwa mweusi tu. Watu walikuwa wanatoka kwenda kutazama ule weusi.

Nahodha alifariki katikati ya miezi ile. Chombo chake kilikuwa juu ya mchanga Kibirizi, yeye akishinda anashona nyavu. Presha ikampanda mchana mmoja, akapelekwa hospitali, hakurudi. Na kwa kuwa hakuna aliyekuwa majini, mwalo wote ulikuja kumzika. Kwa kawaida mvuvi akifa, nusu ya rafiki zake wako ziwani na wanapata habari alfajiri. Siku ile walikuwepo wote. Watu wakilitaja hilo, hulitaja kwa sauti ya chini.

Mume wangu ni mtu wa samaki, mnaomfuatilia mnajua. Mwaka wote ule alikuwa mbele ya kompyuta akisoma joto la maji ya ziwa hilihili, lenye kina cha mita 1,470. Maji ya juu yakipata joto yanakuwa mepesi, hayachanganyiki na ya chini. Na rutuba iko chini, ile inayolisha vijidudu vinavyoliwa na dagaa. Upepo wa kusi ndio unaoyasukuma na kuyachanganya. Miaka mingi kabla hajaisoma habari hiyo, Nahodha alimwambia akiwa ameketi kwenye ubao wa chombo: mwaka ambao kusi imevuma kivivu, usinunue wavu mpya. Mume wangu ameyaweka maneno hayo kwenye ukurasa wa kwanza wa kazi yake. Tulipokwenda kuhani, alikaa barazani karibu saa nzima na sikumsikia akisema neno.

Yeye alikuwa na haki ya kunyamaza. Alipiga simu.

## Nafuu

Kwa nini sikupiga?

Nimejiuliza kwa njia zote. Nilijaribu kujibu kwamba nilikuwa na watoto, kwamba nilipatwa na mshtuko, kwamba nilihofia kumliza upya. Hakuna lililokaa. Jibu linalokaa ni hili, na nimelikwepa muda mrefu.

Nilikuwa na nafuu.

Miezi ya kwanza Bremen nililia, hilo niliwaandikia. Desemba jua linazama saa kumi jioni, Jumapili maduka yamefungwa, barabara kimya, hakuna anayebisha hodi. Nilikuwa naacha redio wazi ili nisikie mtu. Lakini majira ya kuchipua yalipokuja kitu kikageuka ndani yangu na sikumwambia mtu yeyote. Nikaanza kuupenda ukimya ule. Hakuna aliyejua mimi ni mkwe wa nani. Hakuna aliyekuja na kadi ya mchango. Sikuhitaji kuvaa kanga mbili na kukimbia saa tano usiku kwa sababu nyumba fulani pametokea jambo. Makundi ya familia na ya mtaa kwenye simu niliyanyamazisha moja baada ya jingine. Nilikuwa natembea ukingoni mwa mto nikijihisi mwepesi, mtu asiyedaiwa na yeyote.

Ujumbe wa shemeji ulipoingia jioni ile, kabla ya huzuni, kitu cha kwanza nilichohisi kilikuwa kama mtu amenishika mkono na kunivuta. Nilijua nikipiga, nitasikia kilio. Ningemjua kila anayelia kwa sauti yake. Ningekuwa nimerudi Ujiji palepale, mbele ya watu wanaokula aiskrimu, na sikutaka kurudi.

Na huyu si jirani wa salamu tu. Usiku nilioshikwa na uchungu wa huyu mdogo, mume wangu alikuwa safarini Kalemie. Niligonga ukuta kwa mchi. Ilikuwa saa tisa usiku. Walikuja wote wawili, Nahodha akiwa bado anafunga msuli, akatoka mbio kutafuta gari, mkewe akanishika kiuno mpaka hospitali na akabaki mpaka mtoto alipozaliwa. Uji wangu wa siku arobaini aliupika yeye.

Saa tisa usiku. Hawakuangalia saa.

Sasa mnaelewa kwa nini swali lake lilinichoma.

## Saa ikarudishwa nyuma

Jumapili ya tarehe 27 Oktoba nilikuwa natwanga karanga. Mkubwa akavuta kigoda mpaka ukutani. Saa zote mbili tulirudi nazo, alikataa kuziacha. Amezitundika sebuleni, lakini sasa ile ya Bremen ndiyo anayoiita kwa jina, Saa ya Mwalimu Wangu.

"Mama, leo Ujerumani wamerudisha saa nyuma," akasema huku akizungusha mshale. "Tulikuwa tunawazidi saa moja, sasa mbili. Si ndiyo?"

"Ndiyo."

"Kwa hiyo kiangazi chote ilikuwa moja tu."

"Moja tu."

"Nimemfundisha na mwenzangu. Anaweza kuhesabu kichwani sasa."

Mwenzake ni kitindamimba wa Nahodha. Wanashinda pamoja kutwa, wanaruka ukuta kama paka.

Siku ileile jirani yangu alikuwa anatoka eda. Wanawake wa mtaa tulikwenda, tukamwogesha kwa maneno na kicheko, tukafukiza udi, akavaa nguo nzuri, akatoka mpaka kizingitini na jua likampiga usoni akafumba macho. Nilikuwa nimeshika chetezo. Mara tatu nilitaka kumvuta pembeni, mara tatu nikaona watu ni wengi. Kitoto chake kilikuwa mlangoni kinatuangalia.

Usiku sikulala. Nilijua ni lazima nimwambie, lakini sikuweza kutenganisha sababu. Je, ningekwenda kama si kuogopa kwamba mtoto atanitangulia? Na ukweli wenyewe ni wa nani? Nikimwambia, mimi napumua, yeye anabaki na nini? Mwenzangu alikuwa na jambo dogo la kumfariji, kwamba rafiki yake alikuwa amelala. Nikimnyang'anya hilo, nimemsaidia nini?

Nilikwenda kwa mama mkwe. Nilimweleza yote, hata ile nafuu. Nilitegemea anitetee. Daftari lile limenitetea mwaka mzima.

Alikaa kimya akizungusha tasbihi.

"Mimi niliandika pesa," akasema hatimaye. "Mchele niliandika. Maneno yako sikuyaandika, sikuwa nayo. Hayo nenda nayo mwenyewe."

## Ungo

Nilimkuta uani, mchana, watoto wako shule. Amekaa kwenye kigoda chini ya mwembe, mbele yake turubai lenye dagaa. Ameanza biashara; ziwa limefunguliwa na kaka yake ndiye anayekitoa chombo. Dagaa wale walianikwa mchangani, hawakuanikwa kwenye chanja, kwa hiyo kabla ya kuwapima kwa sado lazima wapepetwe, mchanga udondoke, kisha uchague kwa mkono vijiwe na vipande vya makombe. Ungo wa pili ulikuwa umeegemea shina. Nikauchukua, nikakaa.

Tukapepeta. Dagaa wakavu wana mlio wao kwenye ungo, kama mvua nyepesi juu ya majani makavu ya mgomba. Mchanga ulikuwa unashuka mwembamba miguuni petu. Nilichagua vijiwe saba. Cha nane nikakishika, nikasema:

"Siku ile haukuwa usiku."

Hakuinua kichwa.

"Kwetu kule ilikuwa saa kumi na mbili na robo jioni. Jua lilikuwepo. Sikuwa nimelala, nilikuwa nje na watoto. Nilikudanganya."

Akatupa kijiwe. Akatupa kingine.

"Najua," akasema.

Nikadhani ni mtoto. Nilikuwa nimeshafungua mdomo kumwombea mtoto msamaha.

"Mumeo alimpigia kaka jioni ileile," akaendelea. "Ile simu ya kaka ukiiweka sikioni husikii kitu, mpaka uweke sauti ya nje. Tulikuwa tumejaa chumbani. Mumeo anasema, sauti inamkatika. Na nyuma yake nikakusikia wewe. Unamwita mtoto, asikimbilie maji."

Mikono yangu ikasimama.

Niliikumbuka sauti yangu mwenyewe. Ukingo mzima watu wanaongea lugha yao, na mimi nimepaza sauti kwa Kiswahili, "We mtoto, majini huko!", nikijua hakuna anayenielewa ila wangu.

"Kwa nini hukuniambia nilipokuja?"

"Nilikuuliza saa."

Upepo ulipita, majani ya mwembe yakadondoka mawili kwenye dagaa wake, akayaokota.

"Niliogopa," nikasema. Sikuwa na jingine.

"Hata mimi niliogopa," akasema. "Ila mimi sikuwa na pa kwenda."

Hakuisema kwa hasira. Ningependa ingekuwa kwa hasira. Nililia, na yeye aliniacha nilie, akaendelea kuchagua. Hakunishika mkono kama siku ile ya eda. Alipomaliza ungo wake akaumimina kwenye gunia, akajaza mwingine, akausogeza wangu kwa mguu kunionyesha kwamba bado una mchanga. Nikafuta macho kwa kanga, nikapepeta.

Tulifanya kazi muda mrefu bila kusema. Muadhini akaadhini Adhuhuri, akamaliza. Kuku alikuja mara mbili, tukamfukuza mara mbili.

Kisha akaacha mikono ikae juu ya ungo, akanitazama kwa mara ya kwanza tangu nifike.

"Saa kumi na mbili na robo," akasema, "jua lipo?"

"Lipo juu kabisa."

"Linazama saa ngapi?"

"Karibu saa nne usiku."

"Saa nne!" Akakaa akilifikiria. "Sasa Magharibi mnaswali saa nne? Na watoto wanalala saa ngapi na nje kweupe?"

Tangu tumerudi nilikuwa nimekaa kwenye mabaraza tisa, na hakuna aliyekuwa ameniuliza swali likafuatiwa na jingine.

"Sogea huku kivulini," akasema, "unieleze vizuri."

Nikasogeza kigoda. Nikaanzia pale mtoni, mtoto anakimbilia maji.